Mkono Uliokataa Kuachia

Okwera aliamua kunioa katikati ya ugomvi wa vidole.

Si vidole vyangu wala vyake. Vidole vya roboti. Karakana yetu iko Luzira, upande wa kushukia Port Bell, na inaunganisha friji za kuhifadhia maziwa. Mimi na Okwera ni wahandisi, na tulipewa kazi moja tu: kuifundisha mashine kuvalisha raba kwenye mlango wa friji, ile raba nyeupe inayozuia baridi isitoke. Ukiisikia unaona ni kazi ya asubuhi moja. Sisi ilitumalizia mwaka mzima na urafiki wetu na bosi.

Chuma hakina matata. Ukikishika upande huu, upande wa pili unafuata. Raba haina adabu hiyo. Ukiishika kichwa, mkia unaning'inia. Ukiibana, inajikunja. Ukiivuta ndiyo mbaya kabisa, maana inakubali. Inanyooka, inaingia kwenye mfereji wake vizuri, unapiga picha unamtumia bosi, kisha asubuhi unakuta imerudi kwenye urefu wake na pembe zote zimechomoka. Basi tukaunda mkono wenye vidole vya mpira laini, vinavyogusa sehemu nyingi kwa wakati mmoja na kusukuma badala ya kuvuta. Hewa ya kompresa ikiingia, vidole vinafunguka. Hewa ikitoka, vinajifunga vyenyewe.

Hapo ndipo tulipogombana.

"Umeme ukikatika je?" Okwera aliuliza.

"Vinajifunga. Raba inabaki mkononi, haianguki kwenye vumbi."

"Na mtu akiwa ameingiza kidole? Weka kitufe cha kuachia, Raisa."

"Kitufe kinaongeza uzito. Na mtu gani mwenye akili zake ataingiza kitu chake humo?"

Swali hilo nililiuliza kwa sauti kubwa, mbele ya mashahidi.

Okwera aliweka bisibisi chini. Ni mtu mrefu, mtulivu, mwenye macho ambayo yakikutazama unakumbuka kwamba hukujifunga mtandio vizuri. Akanitazama hivyo.

"Wewe ukishika kitu huachii?"

"Siachii."

"Basi nishike mimi."

Nikaiokota bisibisi yake nikakaza bolti iliyokuwa imeshakazwa. Kompresa ilizima yenyewe.

"Zungumza na Baba," nilisema. "Na nikwambie mapema, akisema hapana ni hapana. Mimi sitoroki na mtu. Nikitoka kwa Baba nitatokea mlango wa mbele."

"Nitakuja mlango wa mbele," alisema Okwera.

Sasa nikueleze kuhusu Baba. Haji Abdulghani ana duka la sufuria na birika pale Mengo, na nyumba yetu iko nyuma ya duka. Wazee wetu walitoka Pwani zamani za biashara ya shanga, lakini ukimsikia Baba anavyozungumza utadhani kashuka jana na mizigo bado haijafunguliwa. Mama alifariki nikiwa sekondari. Kaka zangu mmoja yuko Dubai, mwingine Nairobi, wote walisema wanakwenda kidogo tu. Nimebaki mimi. Wachumba watatu walishafika kwake na watatu wote aliwarudisha kwa chai na maneno matamu. Wa kwanza alikuwa na kazi ya safari. Wa pili alikuwa na ndugu Uingereza. Wa tatu, wallahi, alikuja amevaa viatu vya kutembelea mbali, na Baba hakuvipenda.

Okwera naye kwao ni kambi ya polisi. Baba yake, Mzee Kidega, ni sajini mstaafu, Mwacholi, Mkatoliki wa kila Jumapili. Mama yake, Mama Lakica, ni Mwislamu, na mtoto akamfuata mama: Ijumaa huwezi kumpata karakanani, na nyumbani kwao anaitwa Wasim. Kwa hiyo dini haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kambi.

"Watu wa kambi," Baba hupenda kusema, "leo wako Nsambya, kesho Moroto, keshokutwa hata wao hawajui wako wapi."

Mzee Kidega si msemaji. Amri yes, maneno hapana. Akamwomba rafiki yake wa kikosini awe mshenga. Huyo ni Afande Erinayo, Muganda wa Kasubi, mstaafu pia, ambaye hakuna harusi wala msiba ambapo hashiki kipaza sauti. Anakipenda Kiswahili, lakini Kiswahili chake ni cha polisi kilichokalia ulimi wa Kiganda. Herufi R na L kwake ni mapacha, na yeyote anayeitika ndiye.

Alipiga simu dukani, nami nilikuwepo nikipanga vifuniko. Baba alimweka kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa na masizi.

"Haji, habali ya huko? Mimi Afande Erinayo. Sisi tuko na kijana yetu, Okwera, ire anafanya kazi na Laisa. Tunataka kuja Jumamosi. Kuzungumza mambo ya mahali."

Nilisikia mahari. Kwa nini nisisikie mahari? Mtu anayependa masikio yake hayana kazi nyingine.

Uso wa Baba ukachanua. "Mahali? Mbona mmechelewa? Mimi hata sijui kwa nini mlikuwa mnazunguka mji mzima na hapa mimi nipo. Karibuni sana."

Kifuniko kilinitoka mkononi kikalia sakafuni.

"Lakini mje na ule mkono," Baba aliongeza. "Niuone kwanza kama unaenea."

"Mkono, Haji?"

"Mkono. Bila mkono tutazungumza nini?"

Nilikimbilia nyuma ya duka nikamwomba Mungu amzidishie Baba umri. Mambo ya mkono sikuyatia maanani. Nilidhani ni msemo wa wazee.

Kumbe wiki moja kabla nilikuwa nimemwambia Baba, kwa kulalamika tu, kwamba bosi anataka roboti yetu itoke karakanani kwa sababu inakula nafasi, na sisi tunatafuta mahali pa kuifanyia majaribio. Na nyuma ya nyumba yetu kuna stoo, tupu tangu Owino muuza matairi aliporudi Kisumu. Mimi nilisikia mahari kwa moyo. Baba alisikia mahali kwa stoo.

Huko kwa kina Okwera nako hawakulala. Mama Lakica alisema watu wa Pwani wana mkono wa Idi, basi huu utakuwa mkono wa posa, zawadi ya kufungulia mazungumzo. Akapanga kapu la sukari, kitenge na ubani. Okwera, ambaye duniani anajua mkono mmoja tu, akaufungua ule wa roboti kutoka kwenye mashine, akaupigilia bolti kwenye ubao mzito wa mvule, akatafuta na kompresa ndogo.

Jumamosi walifika, watatu: Okwera, baba yake na Afande Erinayo. Mimi sikutakiwa kuonekana, nikakaa nyuma ya pazia na Shangazi Hajara, dada yake Baba. Shangazi ni mwalimu wa madrasa. Amewasomesha watoto wa Mengo Kurani mpaka sasa anawasomesha watoto wao, na mtoto akikosea kutamka herufi humrudisha mwanzo wa ukurasa hata kama jua linazama. Alikuwa amenipaka hina tayari. Yeye naye alikuwa amesikia kwangu, na mimi nilikuwa nimesikia kwa moyo.

"Kaa kama mtu anayeposwa," alininong'oneza. "Usikae kama fundi."

Sebuleni chai ilimiminwa, salamu zikaenda zikarudi. Nilichungulia kwenye upenyo. Okwera alikuwa amevaa kanzu. Sikuwahi kumwona na kanzu. Aliinua macho kwenye pazia kana kwamba anajua jicho langu liko wapi, akayashusha haraka. Nilimpenda pale pale.

"Haji," Afande Erinayo alianza, "sisi tumeona, tumependa. Lakini tunataka kusikia kwako. Iko namna gani?"

"Mimi ni mtu wa kweli," alisema Baba. "Sitaficha kitu. Imekaa tupu muda mrefu. Lakini msingi wake imara."

Nikamtazama Shangazi. Shangazi akanitazama. Baba yangu, ambaye nikikosea ngeli hata kwenye ujumbe wa simu hunipigia kunisahihisha, ananiita "imekaa"?

Afande Erinayo hakushtuka hata kidogo. Kwenye Kiswahili chake mtu, ng'ombe na kabati vyote ni "iko".

"Msingi ni kitu kubwa," alisema kwa heshima. "Na nyuma, Haji?"

"Nyuma kuna nyufa kidogo. Mvua ikizidi inavuja. Rangi tu itasaidia."

Mzee Kidega alikohoa. Okwera aliweka kikombe chini.

"Na kabla yetu," Erinayo aliuliza kwa sauti ya chini, "kulikuwa na mtu mwingine?"

"Alikuwepo Mkenya mmoja, Owino. Alikaa miaka, sitaki kusema uongo. Mtu mzuri, ila alikuwa akiingiza matairi mpaka usiku. Siku moja akafunga virago, hakuaga."

Okwera alikuwa ameganda kama mtu aliyepigwa picha ya pasipoti.

"Haji," alisema taratibu, "mimi ya nyuma hayanihusu. Namchukua alivyo."

"Hivyo ndivyo nilivyotaka kusikia," alisema Baba, amefurahi mno hata hakusikia ule "namchukua". "Vijana wa siku hizi wanataka kila kitu kipya."

Nilitaka kupasua pazia. Shangazi alinishika mkono. Alikuwa amekunja uso, midomo inacheza, kama anavyofanya mtoto anaposoma na yeye anawinda herufi iliyopotea.

"Mkono uko wapi?" Baba aliuliza.

Mzee Kidega alisukuma kapu mbele. Baba alifunua, akaona sukari na kitenge, akashukuru kwa mshangao. "Hamkuwa na haja. Na ule mwingine?"

Okwera akafunua ubao wake wa mvule mezani. Alichomeka kompresa ukutani, ikaanza kunguruma, na vidole vyetu sita vya mpira vikafunguka polepole. Baba alisahau chai. Alikwenda dukani akarudi na kifuniko cha sufuria ya presha na raba yake, ile ya duara ambayo wateja humrudishia kila siku kwa sababu imewashinda kuivalisha.

"Hii hapa inaweza?"

"Tujaribu, Haji."

Vidole viliipokea raba. Vikaigusa huku na huku, vikaikalisha kwenye ukingo wa kifuniko, vikasukuma kidogo hapa, kidogo pale. Haikuvutwa popote. Ilikaa. Baba alipitisha kidole kuizunguka, akatikisa kichwa. Kisha akavua miwani, kwa sababu vitu vya karibu huviona bila miwani, na akainama.

Hapa lazima nitaje ndevu za Baba. Ni ndefu, nyekundu kwa hina, na kila Ijumaa huzichana kwa mafuta ya mawardi. Mtaa mzima unazijua.

"Haina meno?" aliuliza akiwa ameinamia katikati ya vidole.

"Haina, Haji. Ila usisogee sana."

Afande Erinayo aliona furaha ya Baba akajua saa yake imefika. Alisimama, akanyoosha koti. "Basi Haji, kama mkono imekubali, tunaomba sasa ututajie mahali ya bibi halusi."

"Rai," alisema Shangazi Hajara.

Alisema kwa sauti yake ya madrasa, ile ya kutaja herufi za Kiarabu. Akafungua pazia lote, nami nikabaki hadharani na hina yangu. "Afande, hiyo si lamu, ni rai. Rudia. Ma-ha-ri."

"Mahali," alirudia Afande kwa utii.

"Abdulghani, hawa hawataki stoo. Wanamposa Raisa."

Ndipo umeme wa Mengo ukaondoka.

Kompresa ilikata pumzi. Hewa ikatoka, fyuuu, na vidole sita vikajifunga kwa upole mkubwa kwenye ndevu za Haji Abdulghani.

Baba mwanzoni hakugundua. Alikuwa na mambo mazito zaidi kichwani. Macho yake yalitoka kwa Erinayo yakaja kwangu, yakaenda kwa Okwera, na uso wake ukafunga kama duka saa ya swala.

"Kumbe," alisema. "Basi samahanini. Nilidhani mnataka stoo. Stoo ningewapa. Binti sina wa kumpeleka kambini. Mazungumzo yamekwisha, tunashukuru kwa sukari."

Akasimama ili atoke sebuleni kwa heshima zake zote.

Hakufika mbali. Ubao wa mvule ulimrudisha chini.

Alijaribu tena, pole pole zaidi, kama mtu anayedhani labda kosa ni la magoti. Akarudishwa tena. Akashusha macho akaona.

"Raisa," alisema kwa utulivu wa kutisha. "Mwambie mashine yako iniachie."

"Haina kitufe, Baba."

"Kwa nini haina kitufe?"

Sikumtazama Okwera, na Okwera, Mungu ambariki, hakunitazama mimi.

Mzee Kidega, ambaye tangu aingie alikuwa hajasema neno zaidi ya salamu, alisema: "Mkasi."

"Nani anataka mkasi?" Baba aliuliza, na sajini wa miaka yote ile akarudi nyuma ya kochi.

"Hewa tu ndiyo inatakiwa," nilisema. "Pampu ya baiskeli ingetosha."

"Mimi nitatafuta," alisema Afande Erinayo, na kwa mtu wa umri wake alitoka mbio nzuri sana.

Tukabaki. Baba ameinamia meza, ndevu mkononi mwa roboti. Nilisogea nimsaidie, lakini kucha zangu zilikuwa na hina mbichi, nayo ingeingia kwenye mpira. Okwera alipiga magoti upande wa pili wa meza, uso kwa uso na Baba.

"Naweza kuitoa kwa mkono, Haji. Kidole kimoja kimoja. Ukiniruhusu."

"Nina njia nyingine?"

"Mkasi."

"Endelea."

Okwera alikunja mikono ya kanzu. Nimeitazama mikono ile mwaka mzima ikishika raba, lakini siku hiyo niliitazama kama maisha yangu yamo ndani yake, kwa sababu yalikuwemo. Ikimtoa Baba hata udevu mmoja kwa nguvu, basi hata maombi ya mama yake yasingesaidia. Na nilishasema sitoroki.

"Usinivute," alisema Baba.

"Sivuti. Ukivuta inabana. Inabidi kusukuma. Sogea mbele kidogo, Haji."

"Nikisogea zaidi ya hapa nitakuwa nakubusu."

"Hapo hapo panatosha."

Kidole cha kwanza kikalegea. Nikaanza kupumua.

"Jina lako, Okwera," Baba alisema, maana mtu akiwa karibu hivyo na mtu lazima azungumze kitu. "Maana yake nini?"

"Kwa Kiacholi ni kama kusema wamenikataa."

"Basi umekuja umejiandaa."

"Nimejiandaa, Haji. Lakini mama ananiita Wasim."

Kutoka nyuma ya kochi Mzee Kidega aliguna kuthibitisha. Kidole cha pili kikatoka.

"Baba yako alihamishwa mara ngapi?"

"Nyingi. Kuna shule nimesoma hata majina yake nimeyasahau. Tulikuwa tukifika tunapaka ukuta rangi, ikikauka tunaondoka."

"Ndicho ninachosema mimi. Ndicho ninachosema kila siku."

"Ni kweli unachosema." Okwera hakuinua macho. Alikuwa akisukuma kidole cha tatu kwa dole gumba, taratibu, akianzia pembeni. "Ndiyo maana nikapenda mashine. Mashine inapigwa bolti sakafuni, inakaa. Haji, mimi sina mahali ambapo nimewahi kusema hapa ni kwetu. Sitaki kumtoa binti yako kwao. Nataka na mimi nipate kwetu. Hiki kinauma?"



"Hakiumi," alisema Baba.

"Haviumizi. Raisa ndiye aliyevipima. Alikuwa akivijaribu kwenye ngozi ya shavu lake mwenyewe, hakutaka kuniachia mimi nijaribu."

"Hajawahi kuachia kitu," alisema Baba. "Akiwa mdogo tukimpeleka shule, mwalimu alikuwa akimbandua kwenye kanzu yangu. Mlangoni pale. Kila asubuhi." "Halafu siku moja akaniachia mwenyewe akaingia darasani. Nikarudi dukani sikuuza kitu."

Shangazi Hajara alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mimi sikujifuta, nilikuwa na hina, nikaacha machozi yatiririke tu.

"Baba," nilisema.

"Nyamaza, usimtikise."

Cha nne. Cha tano. Cha sita kilikuwa kimeshika katikati kabisa, pale penye hina nzito zaidi. Okwera alikipuliza kwa pumzi yake mwenyewe, mara mbili tatu, kikatanuka upana wa udevu mmoja, naye akautoa udevu huo na wenzake wote.

Baba aliinuka. Alizipangusa ndevu toka juu hadi chini, akafungua kiganja akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Akakigeuza. Akazipangusa tena.

"Haukutoka hata mmoja," alimwambia Shangazi.

"Alhamdulillahi," alisema Shangazi.

Baba aliketi, akavaa miwani, akamtazama Okwera kama anayemwona kwa mara ya kwanza, na nadhani ndivyo ilivyokuwa. Muda wote ule alikuwa anamwona mpangaji.

"Mashine hii inataka kitufe cha kuachia," alisema.

"Okwera alisema hivyo," nilikiri. "Mimi nikakataa."

Hapo Okwera akanitazama. Angeweza kutabasamu tabasamu la mshindi, nami ningemnunia mwezi mzima. Hakutabasamu hivyo. Alinitazama kama mtu aliyechoka safari ndefu na ameona taa ya nyumbani, na mimi nikatamani wazee wote wale waende wakaangalie stoo.

"Raisa," Baba aliita. "Na wewe unamtaka?"

"Namtaka, Baba."

"Mbele ya watu hivi? Hata haya huna?"

"Haya ninayo. Lakini namtaka."

Alivuta ndevu zake mwenyewe, akifikiri. Chai ilikuwa imepoa vikombeni. "Mahari anataja mwanamke mwenyewe," alisema mwishoni, kwa shida. "Sheria si yangu. Basi taja."

Nilijua alichofanya. Alikuwa hajasema ndiyo. Alikuwa amefungua mlango upana wa kidole, kuona nitapita nikielekea wapi.

"Nataka mahali," nilisema.

"Raisa," Shangazi alinionya. "Rai."

"Nimetamka sawasawa, Shangazi. Mahari yangu ni mahali. Nataka Okwera aitengeneze ile stoo kwa mikono yake, paa na nyufa za nyuma, mpaka isivuje. Roboti tuipige bolti sakafuni humo. Na juu yake ajenge vyumba tutakavyokaa." Nikamgeukia Baba. "Baba atoe stoo, yeye atoe kazi. Kila asubuhi nitashuka kazini, na Baba atakuwa dukani. Atanisikia nikigombana."

Baba alitoa miwani akaanza kuifuta. Aliifuta muda mrefu, na miwani haikuwa na kitu.

"Inavuja vibaya," alimwambia Okwera bila kumtazama. "Nilisema kidogo, lakini inavuja vibaya."

"Naichukua ilivyo, Haji."

"Na Owino alikuwa mpangaji. Usije ukawa na mawazo."

"Sasa nimeelewa," alisema Okwera, na kwa mara ya kwanza siku ile mabega yake yalishuka.

Mzee Kidega alitoka nyuma ya kochi. Akampa Baba mkono, mkono wa kweli, na Baba akaushika na hakuuachia upesi.

Mlango ukasukumwa. Afande Erinayo aliingia kanzu yake ikiwa imelowa jasho chini ya koti, pampu ya baiskeli kwapani, na mwenye baiskeli nyuma yake akidai pampu yake. Alizitazama ndevu zilizo huru. Akautazama mkono ulio mtupu. Akanitazama mimi, nalia na kucheka kwa pamoja, hina imenifika shavuni.

"Haji," aliuliza huku anahema, "tumepata mahali?"

Sote tukamgeukia Shangazi Hajara. Alikuwa ameshafungua mdomo, kidole cha kusahihisha kimeshapanda hewani.

Akakishusha.

"Mmepata, Afande," alisema Baba, na Shangazi akaenda kupasha chai moto.